Nimealikwa kongamano Ujerumani, mjomba anataka nisirudi

BARUA

Mama, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari ya serikali hapa Tanga. Nina miaka 34, nimeolewa, nina watoto wawili. Wakati huohuo nasoma shahada ya umahiri Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na nimefika hatua ya tasnifu. Utafiti wangu unahusu msamiati wa wavuvi wanaozungumza Kimtang'ata, lahaja ya Kiswahili ya pwani hii ya Tanga, kuanzia Tongoni hadi Kigombe: majina ya pepo, ya nyavu, ya sehemu za ngalawa, mambo ambayo vijana wengi hawayajui tena.

Msimamizi wangu alinihimiza nipeleke ikisiri, yaani muhtasari wa makala, kwenye Kongamano la Kiswahili la Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani. Nikapeleka bila matumaini makubwa. Juzi nimepata barua kwamba makala yangu imekubaliwa na nikaiwasilishe mwezi wa tano. Nililia, Mama. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuitwa Ulaya kwa sababu ya kusoma. Pasipoti ninayo, niliichukua nilipokwenda warsha ya walimu Nairobi.

Furaha ile haikudumu. Waandaaji watalipia malazi, lakini nauli, bima na viza ni juu yangu. Idara imesema itachangia sehemu ya nauli. Akaunti yangu ya mshahara ina milioni moja na laki mbili tu, maana tunajenga. Jamaa mmoja wa Kariakoo anayejiita wakala wa viza, niliyeelekezwa na mwalimu mwenzangu, ameniambia kwa akaunti ile nitanyimwa asubuhi na mapema. Kwa laki tano ataniingizia milioni kumi kwa muda mfupi, nichukue taarifa ya benki, kisha azitoe. Anayo pia barua ya kampuni itakayoonyesha kwamba mimi ni meneja, kwa sababu walimu, kwa maneno yake, hawaaminiki ubalozini. Na ameniambia ninunue tiketi kabisa kabla ya kuomba viza, waone niko makini.

Halafu kuna mjomba. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili, na mjomba ndiye aliyenisomesha. Aliposikia habari hii alikuja kwa mama na kusema atanilipia nauli yote. Nilifurahi, kumbe ana shauri lake. "Mpwa wangu, mlango kama huu haufunguki mara mbili. Ukifika usirudi. Binamu yako yuko Hamburg, atakupokea, utatafuta kazi, watoto utawavuta baadaye." Mama hakusema kitu, lakini baadaye nikasikia mtaani ameshawaambia majirani kwamba nahamia Ujerumani. Mume wangu amenuna. Hanikatazi kwenda, ila kila nikigusa habari ya safari anatoka nje.

Mimi sitaki kuzamia. Nataka niende niseme nilichokitafiti, nisikie wenzangu wanasemaje, nirudi nimalize tasnifu na niendelee kufundisha. Lakini nikimkatalia mjomba ataniona sina shukrani. Nikiacha ya wakala naogopa nitanyimwa viza niwe kichekesho cha mtaa. Kazini nako bado sijamwambia mkuu wa shule, nahofia atasema nimeanza kujiona.

Nifanye nini, na nianzie wapi?

Mwalimu, Tanga


JIBU

Marahaba mwanangu, na hongera sana. Kongamano la Bayreuth limekuwa likiwakutanisha watu wa Kiswahili tangu miaka ya 1980, na bila shaka kwenye tasnifu yako umewanukuu wataalamu waliowahi kusimama mbele ya hadhira ile. Kukubaliwa maana yake wapo watu waliosoma ikisiri yako wakaona una jambo la kusema. Usikubali hilo limezwe na kelele za viza.

Nianze na huyo wakala, kwa sababu ndiye anayeweza kukuharibia kwa muda mrefu kuliko wote. Usimpe hata senti. Milioni kumi zikiingia ghafla kwenye akaunti ya mwalimu siku chache kabla ya maombi, zinajulikana mara moja kuwa ni fedha za kuazima. Anayekagua taarifa ya benki hatazami salio la mwisho peke yake. Anapitia miezi mitatu au zaidi, aone mshahara unaingia tarehe ngapi, unatoka vipi, ada za watoto, saruji, umeme, kutuma kwa mama. Maisha ya mtu yanasomeka pale. Katikati ya maisha hayo zikiangukia fedha zisizo na maelezo, hata mshahara wako wa halali unaanza kutiliwa shaka.

Barua ya umeneja ndiyo mbaya zaidi. Mwaliko wako unakutaja kuwa mtafiti na mwanafunzi wa umahiri. Sasa meneja wa kampuni ya Kariakoo anakwenda Bayreuth kuzungumzia majina ya pepo za Tongoni kwa msingi gani? Afisa anaweza kuinua simu kuuliza, na atakayepokea hata jina lako halijui. Tena maombi yakikataliwa kwa hati ya kughushi, habari hiyo haibaki Dar es Salaam. Kumbukumbu za maombi ya viza ya Schengen, yaani viza moja inayotumika katika kundi la nchi za Ulaya, Ujerumani ikiwamo, hukaa kwenye mfumo mmoja kwa miaka 5, na nchi za Schengen, ambazo sasa ni 29, zinaweza kuziona. Ukialikwa mwakani Leiden, Uholanzi, au Napoli, Italia, utakuta kosa la Kariakoo limeshatangulia. Njia ya mwongo ni fupi, na hii unaambiwa uilipie laki tano.

Ukweli wako una nguvu kuliko anavyodhani. Una ajira ya kudumu serikalini, una mume, una watoto, mnajenga, na una tasnifu inayosubiri. Kila kimoja kati ya hivyo kina karatasi yake: barua ya ajira na hati za mshahara, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, hati ya kiwanja kama ipo kwa jina lako au la mumeo, barua ya msimamizi inayosema umefikia wapi. Toa pia nakala ya ukurasa wa pasipoti wenye mihuri ya Nairobi, wa kuingia na wa kutoka. Wengi huupuuza ukurasa huo, nao unaonyesha uliwahi kwenda kwenye shughuli ya kikazi nchi nyingine ukarudi kwa wakati.

Salio la milioni moja na laki mbili ni dogo kwa mtu anayejilipia kila kitu, ila wewe hujilipii kila kitu, na hilo lazima lionekane kwa maandishi. Waandikie waandaaji leo, uwaombe barua yenye jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, tarehe za kongamano, kichwa cha makala yako, na tamko kwamba malazi ni juu yao kwa usiku kadhaa. Waulize pia kama wana fungu la kusaidia nauli kwa watoa mada wanaotoka Afrika. Kuuliza si aibu, wamezoea kuulizwa. Idara nayo isiishie kusema itachangia, itoe barua yenye kiasi. Kitakachobaki ndicho utakachoonyesha kwamba unaweza kukibeba, na kikiwa kidogo, mshahara wako unatosha kukieleza.

Halafu andika barua ya maelezo ya ukurasa mmoja kwa Kiingereza chepesi. Sema wewe ni nani na unafundisha wapi. Sema umealikwa kuwasilisha makala gani, utaondoka tarehe fulani na kurudi tarehe fulani, malazi yanalipwa na nani, nauli inalipwa na nani. Kisha eleza kwa nini unarudi: una ruhusa ya siku kadhaa tu, una wanafunzi wanaokusubiri, na kama una kidato cha nne, kitaje na mtihani wao wa Novemba. Usisifu nchi yao, usiombe huruma. Ukishaimaliza ilinganishe na karatasi nyingine zote. Barua ya mwaliko ikisema tarehe 20, bima ikianza tarehe 21 na buking ya ndege ikasema 19, hapo ndipo maswali yanapoanza. Nimepitia majalada mengi ya wanafunzi wangu, na yaliyokwama hayakukwama kwa umaskini kila mara. Mara nyingi yalikwama kwa sababu karatasi zilikuwa zinapingana.

Tiketi usinunue kabla ya viza. Kinachotakiwa kwenye maombi ni nafasi iliyohifadhiwa ya kwenda na kurudi, na mawakala wa kawaida wa ndege wanaijua buking ya namna hiyo. Bima iwe ya matibabu, isiyopungua euro 30,000, ihesabike katika nchi zote za Schengen na ifunike kila siku utakayokuwa huko. Ada ya viza kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi ukikataliwa. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na uhai wa angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka Ulaya, na kurasa mbili tupu. Maombi yanapokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Jibu kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini wana ruhusa ya kufika siku 45 wakihitaji kuchunguza zaidi. Kwa hiyo tafuta miadi sasa hivi, hata kama karatasi moja au mbili bado hazijafika. Nafasi za miadi ndizo huisha kwanza.

Sasa mjomba. Hapa nitakaa kidogo, maana naona ndipo moyo wako ulipo.

Kabla ya mjomba, zungumza na mumeo. Naamini hajanuna kwa sababu ya Bayreuth. Amesikia mtaani kwamba mkewe anahama, na hakuna aliyekuja kumwambia vinginevyo. Mkae usiku watoto wakishalala, umweleze kwa kinywa chako: naondoka siku fulani, narudi siku fulani, mpango wa mjomba siufuati. Mwonyeshe barua ya mwaliko. Muulize anaogopa nini, umwache aseme hadi amalize. Kisha mpange nani atawapeleka watoto shule wiki hiyo. Mwanamume aliyepewa sehemu yake katika safari hatoki nje ikitajwa.

Kwa mjomba usipeleke ujumbe wa simu. Nenda mwenyewe, na mama awepo, kwa sababu yeye ndiye atakayeulizwa na majirani. Mshukuru kwanza kwa yale aliyofanya baba yako alipofariki, uyataje moja moja: ada, sare, nauli ya shule. Shukrani ikitangulia vizuri, hawezi kuuita msimamo wako utovu wa shukrani. Kisha useme wazi: "Mjomba, nimekuja kuomba baraka zako niende na nirudi. Kama mchango wako ni wa kwenda na kurudi, naupokea kwa mikono miwili. Kama ni wa kubaki, naomba uniwie radhi, sitaweza kuupokea." Sema hivyo kabla shilingi yake moja haijaingia kwako. Ukishazipokea kwa masharti yale, ukirudi utakuwa na deni lisilolipika.

Atakuuliza kwa nini unauchezea mlango uliofunguka. Jibu unalo. Viza ya kongamano haimruhusu mtu kutafuta kazi wala kukaa baada ya siku zake kwisha. Kuanzia Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kuandikisha wageni kwa mfumo wa kielektroniki, alama za vidole na picha ya uso, kwa hiyo aliyepitisha siku zake anaonekana bila mtu kumtafuta. Huku nyumbani mtumishi asiyerudi kazini anahesabiwa mtoro na kazi inakwenda. Mwalimu mwenye shahada ya umahiri mkononi anakwenda kuosha vyombo kwa kujificha, watoto wake anawaona kwenye skrini ya simu, na hata mama akiugua hathubutu kutoka kuja kumwona, kwa sababu akitoka harudi tena. Hivyo ndivyo mambo yanavyokuwa kwa watu wengi waliozamia, ila wakipiga simu nyumbani hawayasemi. Mpigie binamu yako mkiwa wawili tu, umuulize ilimchukua miaka mingapi kupata karatasi, na kazi anayofanya ni ipi. Huenda yeye mwenyewe akamshauri mjomba.

Lingine ni la wenzako. Idara iliyotoa barua kwa ajili yako, na waandaaji waliokualika, mwakani wataandika barua kama hizo kwa ajili ya mwanafunzi mwingine. Kila asiyerudi anaongeza uzito kwa anayefuata. Si haki mtu ahukumiwe kwa kosa la mwenzake, lakini ndivyo dunia ya viza inavyokwenda, na walimu wako wanalijua hilo.

Mjomba akikubali kuchangia bila sharti, msaada wake uwe wa wazi. Aandike barua kwamba ni kaka wa mama yako na anakulipia kiasi fulani cha nauli, aambatanishe taarifa yake ya benki na nakala ya kitambulisho chake. Msaada wa ndugu si siri wala si aibu. Na mama umwombe kwa upole awarudie majirani na kusema umealikwa kusoma makala. Hiyo peke yake ni fahari ya kumtosha.

Kuhusu kazini, usichelewe. Mtumishi wa umma hasafiri nje bila kibali, na kibali cha safari ya nje hakimalizikii shuleni. Barua hupanda ngazi, tena kila ngazi ina meza na kila meza ina rundo. Iandike kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kupitia kwa mkuu wa shule, uambatanishe mwaliko, uonyeshe kwamba gharama haziwi za mwajiri, na utaje mwalimu atakayeshika vipindi vyako. Ongea na huyo mwalimu kwanza, ili mkuu akiuliza jina liwepo. Wakuu wengi wa shule hukasirishwa na kusikia habari mwishoni kuliko wanavyokasirishwa na safari yenyewe. Nakala ya kibali iingie kwenye jalada la viza, kwa sababu inaonyesha unatarajiwa kurudi kazini.

Unaogopa kunyimwa. Siwezi kukuahidi kwamba hutanyimwa, maana wapo wanaonyimwa wakiwa na kila karatasi, na linaniuma kila ninapolishuhudia. Mwaka 2022 kongamano la kimataifa la UKIMWI lilifanyika Montreal, Canada, na wajumbe wengi kutoka Afrika, bara lililobeba sehemu kubwa ya ugonjwa huo, walikosa viza. Winnie Byanyima, Mganda aliyekuwa akiongoza UNAIDS, shirika la Umoja wa Mataifa la kupambana na UKIMWI, alisema hadharani kwamba hata yeye nusura azuiwe kupanda ndege Geneva kwenda huko. Mtu wa cheo kile! Kwa hiyo ukinyimwa, si wewe uliyepimwa ukaonekana hufai, na asiyejua atakayecheka mwache acheke. Utapewa sababu kwa maandishi. Zisome vizuri. Ule utaratibu wa zamani wa kuandika barua ya malalamiko kwa ubalozi wa Ujerumani uliondolewa tangu Julai 2025, kwa hiyo iliyobaki ni kwenda mahakamani Berlin, jambo refu na la gharama, au kuomba upya ukiwa umerekebisha kasoro waliyoitaja. Muda ukiruhusu, omba upya. Na waandaaji waarifu mapema, uwaulize kama unaweza kuwasilisha kwa njia ya mtandao.

Sasa njoo kwenye makala yenyewe, ambayo kwenye barua yako umeitaja kidogo sana. Nimewaona vijana wakihangaika na viza miezi mitatu, halafu makala wanaiandika ndani ya ndege. Usiwe mmoja wao. Waulize waandaaji umepewa dakika ngapi. Mara nyingi huwa 20 za kusema na chache za maswali, na dakika 20 ni kurasa nane hivi zikisomwa kwa utulivu, sio tasnifu nzima. Chagua sehemu moja. Ningekuwa wewe ningechukua majina ya pepo peke yake na kuacha nyavu na ngalawa, kwa sababu pepo zinagusa majira, kazi na imani kwa pamoja na zitakupa mjadala mkubwa. Kama umewarekodi wavuvi na wamekuridhia, chagua sekunde 30 za sauti ya mzee mmoja akieleza anavyoujua upepo kabla haujafika, uwasikilizishe. Watu mle ukumbini wengi wanakijua Kiswahili vizuri, lakini Kimtang'ata cha mzee wa Tongoni ni wachache waliowahi kukisikia. Kitakachokuja ni maswali ya data: ulizungumza na wangapi, wa umri gani, ulijuaje kwamba jina hili si la lahaja jirani kama Kivumba au Kimrima? Majibu hayo yaandike pembeni kabla hujaondoka. Soma makala kwa sauti mbele ya mumeo akiwa ameshika saa. Slaidi zihifadhi kwenye flashi, kwenye barua pepe na kwenye simu, kwa mfumo wa PDF usiovuruga herufi.

Ya njiani nitayapitia haraka. Ukishuka Frankfurt kuna treni hadi Nürnberg, hapo unabadilisha, na kutoka Nürnberg hadi Bayreuth ni kama saa moja. Treni za huko nazo huchelewa, kwa hiyo usipange kufika asubuhi ya siku unayowasilisha. Saa za ratiba zinasomwa kwa mtindo wao: 14:00 ni saa nane mchana, na mwezi wa tano tofauti yao na sisi ni saa moja tu. Jua huzama karibu saa tatu usiku, hivyo kama unaswali, pakua ratiba ya mji wenyewe, maana Magharibi ya Tanga haitakusaidia. Asubuhi kuna baridi, chukua sweta na viatu vya kufunika. Soketi zao ni za matundu mawili ya mviringo, nunua adapta hapahapa. Beba fedha taslimu kidogo za euro, na ukumbuke Jumapili maduka mengi yanafungwa. Chaja ya kubebea umeme ikae kwenye begi la mkononi, pamoja na nakala za mwaliko, bima, tiketi ya kurudi na anwani ya malazi. Afisa wa mpakani ana haki ya kuuliza tena yale uliyoulizwa Dar, hata kama viza imeshabandikwa. Kama unapita Addis Ababa na utakaa pale zaidi ya saa 12, wakati wa kurudi utaulizwa kadi ya homa ya manjano. Chanjo huanza kuhesabika baada ya siku 10 na kadi ni ya maisha, kwa hiyo ichome mapema.

Mwisho ni mizigo. Habari ya safari yako imeshaenea mtaani, na vifurushi vitakuja: samli ya binamu, embe za rafiki yake, bahasha ya mtu usiyemjua. Nyama na vitu vya maziwa haviruhusiwi kuingia Ulaya kwenye begi la msafiri, samli ikiwamo, na embe zinadai cheti cha afya ya mimea. Tende na nazi hazina tatizo. Tena Hamburg iko zaidi ya kilomita 500 kwa barabara kutoka Bayreuth, hutakuwa na nafasi ya kupeleka kitu. Kifurushi ambacho hukukifunga kwa mkono wako usikipokee, hata akikuletea mtu wa msikitini au wa kanisani, hata akiapa. Kuna Watanzania walio magerezani ughaibuni kwa dawa za kulevya, na wapo wanaosema mzigo haukuwa wao. Begi likiwa na jina lako, mzigo ni wako. Sema mumeo ndiye anayepanga begi na limeshajaa.

Jumatatu peleka barua kwa mkuu wa shule, na jioni ile ile uwaandikie waandaaji. Barua ya maelezo ya viza ukishaiandika, nitumie niisome kabla hujaipeleka.